Sanaa ya kwetu kwenye kuta za hoteli: nani anafaidika? Mwongozo kwa vijana wa Murukulazo, Ngara na Biharamulo

Leo tuweke mezani ishu moja ambayo wengi tunaipita kila siku bila kuiangalia mara mbili: vikapu, picha, ngoma na vibuyu vinavyotundikwa mapokezi kwenye hoteli na gesti. Mgeni akiingia anavutiwa, anapiga picha, anasifia, halafu anachukua ufunguo na kwenda kulala. Swali ni hili: yule mama aliyesuka kile kikapu kapata nini?

Kwa wanaopenda jibu la haraka, ni hili. Onyesho la sanaa hotelini linamsaidia msanii pale tu penye vitu vitatu: jina lake, bei, na makubaliano ya malipo. Kikikosekana kimoja, hilo si onyesho tena. Ni pambo la hoteli lililogharamiwa na mtu ambaye hata kulala hapo hawezi.

Kwa wanaotaka maelezo kamili, twende pamoja. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakimbia, isevu au iprinti ukasome nyumbani.

ONYESHO LA HOTELINI NI KITU GANI HASA?

Watu wakisikia neno "maonyesho" wanafikiria Sabasaba au Nanenane. La hotelini ni dogo zaidi, na liko la aina nyingi. Hizi tano ndizo zinazoonekana sana Afrika Mashariki:

1. Kona ya kudumu. Meza au kabati pale mapokezi, vitu vipo mwaka mzima na kila kimoja kina bei.

2. Onyesho la muda. Kuta za ukumbi au mgahawa wanapewa wasanii wawili watatu kwa wiki kadhaa, wakimaliza wanaingia wengine. Mara nyingi kunakuwa na jioni ya ufunguzi.

3. Fundi kazini. Msusi, mchongaji au mfinyanzi anafanya kazi palepale uani, mgeni anaona kwa macho yake na anauliza maswali.

4. Ngoma na muziki wakati wa chakula cha jioni.

5. Safari ya kijijini. Hoteli haileti sanaa kwake, inampeleka mgeni kule inakotengenezwa.

Hoteli inapata nini? Kwanza, kuta zinapendeza bila kununua mapicha ya kiwandani ambayo kila mahali yanafanana. Pili, mgeni anapata cha kusimulia akirudi kwao, na mgeni mwenye cha kusimulia anarudi au anamleta mwenzake. Tatu, mgeni akiwa na cha kuangalia jioni anakaa, na akikaa anaagiza chakula na soda. Kwa hiyo tusidhani hoteli inatoa sadaka. Ni biashara, na kwenye biashara kila upande una chake.

Jambo lenyewe si geni duniani. Kule kusini mwa Ufaransa, kwenye mji wa Saint-Paul-de-Vence, kuna hoteli inaitwa La Colombe d'Or. Ilianza miaka ya 1920 ikiwa sehemu ndogo tu ya kula na kunywa. Wachoraji waliokuwa hawajatajirika walikula na kulala pale, na mwenye hoteli alikubali kupokea picha zao. Baadhi yao wakaja kuwa majina makubwa, na leo wageni wanatoka mbali kwenda kula chini ya zile picha. Somo kwetu: hoteli ilianza na wasanii waliokuwa jirani, na picha zile zilipokelewa kama kitu chenye thamani.

AFRIKA MASHARIKI TUMESHAFANYA, NA KUNA MAFUNZO

Tuanze Dar. Mwaka 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mwaka 1983 ikapata jengo lake katikati ya jiji, Upanga. Baadaye jirani yake kabisa ikajengwa hoteli kubwa ambayo imebadilisha majina mengi: Sheraton, Royal Palm, Mövenpick, kisha Serena. Mgeni wa hoteli alikuwa anatoka mlangoni, anatembea hatua chache, anawakuta wasanii wanachora, wanachonga na kuchapa vitambaa. Hayati George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na jina kubwa mpaka Ulaya, Japani na Marekani, alipitia pale.

Sasa jengo lile halipo tena, lilibomolewa, na wasanii wakatawanyika kila mmoja kivyake. Funzo la kwanza hilo: ukiwa jirani wa hoteli unapata soko, lakini kama kiwanja si chako na maandishi huna, siku pakihitajika kwa kazi nyingine unaondoka na brashi zako mkononi.

Funzo la pili ni la Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha kama vijana wengine. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao mwembamba kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni na wazungu wengi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza. Lakini mtindo ulishashika, ndugu na wanafunzi wake wakauendeleza, na leo ukiingia hoteli nyingi za Tanzania utaukuta ukutani.

Na hapo ndipo penye shida. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na mgeni anaambiwa tu "hii ni Tingatinga". Nani kaichora hiyo picha? Mara nyingi saini ipo pembeni, lakini hakuna anayeisoma wala kuitaja. Mtindo unaweza kuwa maarufu dunia nzima huku mchoraji akibaki hana hata nauli.

Zanzibar nako kuna la kujifunza. Mmarekani mmoja, marehemu Emerson Skeens, alizigeuza nyumba za kale za Mji Mkongwe kuwa hoteli, na chakula cha jioni juu ya paa kikaenda pamoja na muziki wa pale pale kisiwani. Mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha tamasha la filamu la ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Yaani hoteli haikuishia kutundika vitu ukutani tu, iliingia kwenye maisha ya sanaa ya mji wenyewe. Nairobi nako, hoteli ya Sankara pale Westlands iliwahi kushirikiana na nyumba ya sanaa ya One Off: kazi za wasanii zikawa hotelini, na mtaalamu wa sanaa ndiye akachagua nini kitundikwe.

Kwa upande wa safari za kijijini, mfano upo hapa Kanda ya Ziwa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, yalitokana na kazi ya Padri David Clement, Mkanada. Mgeni aliyelala hoteli ya Mwanza anapelekwa Bujora kuona ngoma, viti vya watemi na nyumba za asili. Na Bukoba, kampuni ya Kiroyera Tours ilijulikana miaka ya 2000 kwa kuwatembeza wageni kwenye utamaduni wa Wahaya: msonge, nguo za magome ya mti, kahawa ya kutafuna. Bukoba ni mkoa wetu huu huu wa Kagera.

MFANO ULIO MLANGONI KWETU: IMIGONGO

Huu naupa kichwa chake peke yake, kwa sababu mtu wa Ngara anaweza kuufuata na kurudi siku hiyo hiyo. Ukivuka daraja la Rusumo unaingia wilaya ya Kirehe, Rwanda. Huko, hasa maeneo ya Nyakarambi na Nyarubuye, ndiyo nyumbani kwa imigongo.

Imigongo ni sanaa inayotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Ndiyo, umesoma vizuri! Mbolea mbichi inachanganywa na majivu, inafinyangwa juu ya ubao kwa vidole na kutengeneza migongo migongo iliyoinuka, pembe tatu, almasi, mistari ya kwenda na kurudi. Ikikauka inasuguliwa na kupakwa rangi. Rangi za asili ni nyeusi, nyeupe na nyekundu, zinazotokana na udongo, majivu na mimea. Haina harufu. Masimulizi ya kale yanamtaja Kakira, mtoto wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba nyumba yake hivyo.

Zamani ilikuwa kwenye kuta za ndani za nyumba, kazi ya akina mama. Ilikaribia kupotea. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanawake waliobaki, wengi wakiwa wajane, wakajikusanya kwenye ushirika na kuirudisha. Wakafanya jambo moja la akili sana: wakaitoa ukutani na kuiweka kwenye mbao ndogo ambazo mgeni anaweza kuzifunga kwenye begi. Leo michoro ya imigongo inakutana nawe kwenye hoteli za Kigali, kwenye mikahawa, hata kwenye vitambaa.

Jiulize: akina mama wa Kirehe wana nini ambacho akina mama wa Murukulazo hawana? Ng'ombe tunao. Udongo tunao. Mikono tunayo. Sisemi tuige imigongo, ile ni yao na iheshimiwe. Nasema tuige walivyojipanga.

KWETU KUNA NINI?

Tuangalie upande wa sanaa kwanza. Wahangaza na Washubi wa Ngara, na wenzao wa Biharamulo, wana ususi wa vikapu na mikeka, wana vyungu, ngoma, vibuyu vya pombe ya ndizi, mikuki na vyombo vya maziwa. Kwenye vijiji kama vya kata ya Murukulazo vitu hivi bado vinatumika nyumbani, havijawa vya makumbusho. Hiyo ni nguvu, lakini ni hatari pia. Ndoo ya plastiki ni rahisi, na bibi anayejua kusuka kikapu kisichovuja ulezi akiondoka bila kumfundisha mtu, anaondoka nacho.

Sasa upande wa wageni. Watu wanasema "Ngara nani atakuja?" Kumbe wanapita kila siku! Rusumo ni mpaka mkubwa wa Tanzania na Rwanda, na daraja jipya pamoja na kituo cha forodha cha pamoja vilizinduliwa rasmi mwaka 2016. Kabanga ni mpaka wa Burundi. Malori ya Dar kwenda Kigali na Bujumbura yanapita kwetu na madereva wanalala kwetu. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 kwa nchi tatu, umeleta mafundi na wakaguzi. Nikeli ya Kabanga imeleta wataalamu kwa miaka mingi. Ongeza semina za serikali na mashirika. Kwa upande wa Biharamulo kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 4,700, na kuna boma la Wajerumani la enzi za ukoloni pale mjini.

Mgeni wa aina hii hana siku saba za kutembea vijijini. Ana jioni moja. Amefika saa 12, ameoga, amekula, anangoja usingizi. Hiyo jioni moja ndiyo soko lenu, na iko hotelini.

Halafu tusiwadharau madereva na watumishi. Wapo wanaofikiri mnunuzi wa sanaa lazima awe mzungu. Afisa anayetoka Dodoma kuja semina anatafuta zawadi ya kumpelekea mkewe. Dereva wa lori anapenda kikapu kizuri cha kuweka chakula safarini. Tengeneza cha bei kubwa na cha bei ndogo.

NJIA NNE ZA PESA

Hapa ndipo wengi wanapigwa, kwa hiyo soma taratibu.

Njia ya kwanza: hoteli inanunua kabisa. Unaleta vikapu kumi, unalipwa vyote, unaondoka. Ni salama kwako, pesa iko mkononi. Hasara yake, hoteli itataka bei ya chini na ikiviuza kwa bei ya juu hilo si lako tena.

Njia ya pili: mali kauli. Unaacha vitu, vikiuzwa unalipwa, visipouzwa unavirudisha nyumbani. Hii ndiyo inayotumika zaidi kwenye maonyesho, na ndiyo yenye ugomvi mwingi. Hoteli inachukua asilimia yake kwenye kila kilichouzwa. Majumba ya sanaa ya mijini huchukua hata nusu ya bei, lakini wao wana mtaalamu, matangazo na wateja wao. Gesti iliyokupa meza tu haistahili nusu.

Njia ya tatu: kukodisha. Hoteli inalipa kiasi kidogo kila mwezi ili kazi zako zikae ukutani, na zinabaki mali yako. Huku kwetu si kawaida, ila kwa mchoraji mwenye picha kubwa zisizouzika haraka inafaa kujadiliwa.

Njia ya nne: oda. Hoteli inataka mikeka 20 ya vyumbani yenye ua moja. Hapo dai malipo ya awali ya kununulia vifaa, ndipo uanze kazi. Bila ya awali, umeikopesha hoteli.

Tufanye hesabu ya mfano kwa mali kauli. Tuseme kikapu kimewekewa bei ya Sh. 30,000. Hoteli ichukue asilimia 20, yaani Sh. 6,000. Kijana aliyepiga picha, akaandika lebo na kufuatilia mauzo achukue asilimia 10, yaani Sh. 3,000. Mama anabaki na Sh. 21,000. Sasa linganisha na mchuuzi anayefika kijijini na kumpa mama Sh. 8,000 taslimu kwa kikapu hicho hicho. Mama anapokea ile 8,000 kwa sababu ni ya leo, na ile 21,000 ni ya "siku kikiuzwa". Ndiyo maana malipo ya hoteli lazima yawe na tarehe. Hoteli ikichelewa miezi mitatu, mama atarudi kwa mchuuzi na hutamlaumu.

MAKUBALIANO YAANDIKWE

Huhitaji wakili. Karatasi moja, nakala mbili, saini za pande mbili na shahidi mmoja, mfano mwenyekiti wa kitongoji. Iwe na mambo haya:

- Orodha ya vitu, kila kimoja na namba, jina la aliyekitengeneza na bei.

- Njia ya malipo: ni kununua, mali kauli, kukodisha au oda.

- Asilimia ya hoteli.

- Siku ya malipo. Mfano, kila tarehe 5, kwa simu, moja kwa moja kwenye namba ya msanii mwenyewe.

- Kikiibiwa au kuvunjika nani analipa. Kama kiko ndani ya hoteli, jibu la haki ni hoteli.

- Onyesho linaanza lini na kuisha lini, na nani anagharamia usafiri wa kurudisha.

- Ruhusa ya picha: hoteli ikitaka kutumia picha ya kazi yako kwenye kalenda, mabango au mtandaoni, iseme na mkubaliane.

Hilo la mwisho lina sheria nyuma yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtengenezaji wa kazi ya sanaa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Mtu akinunua picha yako amenunua ile picha, hajanunua haki ya kuichapa kwenye fulana 500. Chombo kinachosimamia ni COSOTA. Kwa shughuli za sanaa kwa ujumla kuna BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Na karibu zaidi, halmashauri kuna afisa utamaduni. Nendeni mkamwone, kusaidia wasanii ni kazi yake.

Kuhusu mtaji, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo akina mama watano waliosajiliwa kama kikundi wana nguvu kuliko mmoja mmoja. SIDO nao, wapo tangu mwaka 1973, wanatoa mafunzo ya ufungashaji na ubora.

MAMBO YANAYOHARIBU

Kwanza, kitu kisicho na lebo. Mgeni hajui kama kinauzwa, anaona aibu kuuliza, anaondoka. Lebo iseme: ni nini, kimetengenezwa na nani, kijiji gani, kwa mti au nyasi gani, siku ngapi za kazi, na bei.

Pili, kitu cha nje kujifanya cha kwetu. Vinyago kutoka mijini vikiwekwa kwenye meza iliyoandikwa "Sanaa ya Ngara", siku mgeni akijua, meza nzima imepoteza heshima.

Tatu, ngoma za kubana. Hoteli inaita kikundi, inasema "chezeni dakika tano, mgeni amechoka", inawapa soda na nauli. Wachezaji ni wafanyakazi. Bei ya jioni ipangwe kabla, na ilipwe usiku huo huo. Na kama kuna ngoma ya mazishi au ya matambiko, wazee waulizwe kwanza. Si kila kitu ni cha kuonyesha.

Nne, vitu vya kurithi. Mgeni anaweza kutaka ngoma ya babu au mkuki wa ukoo kwa pesa nyingi. Ukiuza umeuza mara moja, na wajukuu hawatakiona tena. Tengeneza mpya uuze, ya babu iazime kwa onyesho irudi nyumbani.

Tano, na hili ni la hatari kabisa: nyara. Sisi tumepakana na hifadhi. Ngozi ya chui, pembe, meno ya tembo, magamba ya kakakuona, hata kama mzee anasema vilikuwepo nyumbani tangu zamani, ni nyara za serikali na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo. Usiviweke kwenye onyesho. Mgeni atakamatwa mpakani na wewe utafuatwa nyumbani.

KIJANA, WEWE UNAINGILIA WAPI?

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Mama wa Murukulazo ana ujuzi. Mwenye hoteli wa Ngara mjini, Kabanga, Benaco au Rusumo ana ukuta na wageni. Katikati hakuna mtu. Anayeweza kusimama katikati ni wewe unayejua kompyuta, unayeandika Kiswahili na Kiingereza kidogo, na kamera iko kwenye simu yako. Hatua ni hizi:

1. Zunguka kijijini, andika nani anatengeneza nini. Daftari moja linatosha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

2. Chagueni vitu 15 tu, vilivyo bora kabisa. Vitu 15 vizuri vinashinda 60 vya ovyo.

3. Pangeni bei pamoja na mtengenezaji. Hesabu vifaa, siku za kazi na usafiri. Mtengenezaji ndiye mwenye neno la mwisho.

4. Chapa lebo kafe, kwa lugha mbili. Karatasi moja ya A4 inatoa lebo nane au zaidi.

5. Nenda kwa hoteli moja tu kwanza, omba kuonana na meneja, si mhudumu wa kaunta. Peleka kikapu kimoja mkononi na karatasi ya makubaliano. Omba wiki sita za majaribio.

6. Mfundishe mtu wa mapokezi. Yeye ndiye muuzaji wako. Akijua kusema "hiki kimesukwa na mama fulani wa Murukulazo kwa siku nne", mauzo yanabadilika. Mkubaliane kitu kidogo kwake kwa kila mauzo.

7. Tangazeni. Radio Kwizera ipo Ngara tangu mwaka 1995, ilizaliwa kipindi cha wakimbizi na watu wa huku wanaisikiliza. Tangazo la ufunguzi linaleta hata wenyeji, na mwenyeji akiona kikapu cha shangazi yake kimewekwa kwenye taa na kuandikwa jina, heshima ya kazi ile inarudi nyumbani.

8. Kila mwezi, hesabu mbele ya wote. Kilichouzwa, kilichobaki, kilicholipwa. Siku utakapoficha hesabu ndiyo siku mradi umekufa, na utakuwa umegeuka kuwa mchuuzi yule yule tuliyemsema juu.

KWA KUMALIZIA

Barabara ya Rusumo haitasimama kutusubiri. Wageni watapita, hoteli zitajengwa, na kuta zitahitaji kitu. Kama hatupeleki cha kwetu, zitajazwa picha za maua ya plastiki na mandhari za nchi ambazo hata mwenye hoteli hajawahi kufika. Bibi zetu hawatakuwa nasi milele, na ujuzi wao haupo kwenye kompyuta yoyote ya kafe. Anzeni na vikapu 15 na karatasi moja yenye saini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kwenu Biharamulo, Karagwe, Kibondo au kwingine hoteli inaonyesha kazi za wenyeji, tuambieni hapo chini: wanalipaje, wanachukua asilimia ngapi, na jina la msanii limeandikwa? Kama wewe ni mwenye hoteli na unaona nimewaonea, njoo useme, tutakusikiliza. Matusi hapana, hoja karibu.